Howard Hughes na Ndege Iliyochelewa Vita

Mwaka wa 1942 ulikuwa shubiri kwa mabaharia wa mataifa yaliyopigana na Ujerumani. Kuanzia mwezi wa Januari, nyambizi za Kijerumani zilivuka Atlantiki na kuanza kuwinda karibu kabisa na pwani ya Marekani, mahali ambapo taa za miji zilikuwa bado zinawaka usiku na kuzianika meli mithili ya vivuli ukutani. Meli za mafuta ziliteketea machoni pa watu waliosimama ufukoni. Kabla ya mwaka huo kwisha, meli zaidi ya 1,000 za Washirika zilikuwa zimezamishwa na nyambizi katika bahari mbalimbali za dunia. Wala adha hiyo haikuishia Atlantiki, na Afrika Mashariki nayo ilipata fungu lake la msiba. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imeng'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache tu. Watu zaidi ya 1,200 waliangamia, wengi wao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Katika kiangazi cha mwaka huo mchungu wa 1942, mwenye viwanda Henry J. Kaiser alitangaza wazo ambalo lilionekana kuwa jawabu. Kaiser alikuwa mjenzi wa barabara na mabwawa aliyegeuka kuwa muundaji wa meli. Viwanda vyake katika pwani ya magharibi ya Marekani viliunda meli za mizigo za aina ya Liberty kwa kasi isiyopata kushuhudiwa. Mnamo Novemba 1942 kimojawapo kilishusha meli nzima majini siku 4 na saa 15 tu baada ya kuanza kuiunganisha. Lakini alifahamu kwamba kasi yake ilikuwa ikishindana na kasi ya wale waliokuwa wakizizamisha. Akapendekeza kwamba viwanda vya meli viunde ndege 5,000 kubwa za majini, zibebe askari na vifaa juu ya mawimbi, mahali ambapo torpido haiwezi kufika. Ndege ya majini haihitaji uwanja wa lami. Kila ghuba tulivu ni uwanja wake. Umma ulishangilia. Majenerali, maadmirali na wenye kampuni za ndege hawakushangilia, na hawakuwa wajinga. Injini, alumini na wahandisi waliohitajika kwa ndoto hiyo walikuwa tayari wamegawiwa kazi nyingine, na Kaiser mwenyewe hakuwa ameunda ndege hata moja maishani mwake.

Alihitaji mshirika aliyezijua ndege. Akampata mtu wa miaka 36, mrefu, mkimya, mwenye masikio yasiyosikia vyema na mfuko usiokauka. Mtu huyo alikuwa Howard Robard Hughes.

Hughes alizaliwa Texas mwaka wa 1905, akiwa mtoto wa pekee. Baba yake alikuwa amehangaika na biashara nyingi kabla ya kupata haki ya uvumbuzi wa keekee yenye meno ya kuzunguka, ambayo iliweza kupasua miamba iliyokuwa imewashinda wachimba visima vya mafuta. Alikuwa mjanja vilevile, kwa maana hakuwauzia wachimbaji keekee hizo bali aliwakodisha. Utajiri ukamiminika. Mama yake, Allene, alikuwa mwenye hofu kubwa ya maradhi, akimkagua mwanawe kila siku na kumtenga na watoto wengine kila aliposikia fununu ya ugonjwa. Wanaotafuta chanzo cha yaliyompata Hughes uzeeni hawakosi kurejea kwenye malezi hayo. Mama alifariki mwaka wa 1922, na baba akafuata Januari 1924. Kijana wa miaka 18 akabaki yatima na mrithi.

Watu wa ukoo walitarajia kwamba angerudi masomoni na kuwaachia wao shughuli za kampuni. Badala yake aliiendea mahakama, akaomba atambuliwe kuwa mtu mzima kabla ya umri wa kisheria, akakubaliwa, kisha akazinunua hisa za jamaa zake zote. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia hapana kwa sababu ya fedha. Ni muhimu kulishika jambo hili, maana ndilo linaloeleza mengi ya yale yaliyofuata. Kampuni ya keekee iliendelea kuzaa fedha kule Houston, naye akazitumia kufuata lolote lililomkaa moyoni.

La kwanza lilikuwa filamu. Mnamo 1927 alianza kutengeneza Hell's Angels, filamu iliyohusu marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alinunua na kukodisha makumi ya ndege, akawaweka marubani kusubiri kwa majuma mengi hadi mawingu yalipopata umbo alilolitaka, kwa sababu bila mawingu mtazamaji hawezi kuhisi kasi ya ndege. Filamu ilipokaribia kukamilika, sinema zenye sauti zikaingia sokoni. Akaamua kuirudia sehemu kubwa ya kazi hiyo. Watu kadhaa walikufa katika utengenezaji wake, naye mwenyewe alianguka na ndege akaumia vibaya. Filamu ilitoka mwaka wa 1930 baada ya kumeza takriban dola milioni 4. Watu waliijaza kumbi. Somo alilolipata Hughes huenda ndilo lililomponza baadaye: kwamba kuchelewa si kosa mradi kazi itoke kama alivyoitaka.

La pili lilikuwa urubani, na hapa Hughes hakuwa tajiri anayejifurahisha. Alikuwa rubani hodari na mbunifu halisi. Ndege yake ya mashindano, H-1, ilikuwa na mwili wa alumini uliolainishwa hata vichwa vya ribiti visitokeze, magurudumu yaliyojikunja tumboni, na mabawa ya mbao. Mnamo Septemba 1935 aliirusha kwa mwendo wa kilomita 567 kwa saa, akaweka rekodi ya dunia kwa ndege zinazotua ardhini. Alipozidi kuzunguka ili kuhakikisha rekodi hiyo, mafuta yakamwishia, akaitua kwa tumbo katika shamba la viazisukari. Mwaka wa 1937 aliivuka Marekani kutoka Los Angeles hadi Newark kwa saa 7 na dakika 28. Julai 1938, akiwa na wenzake 4 katika ndege ya Lockheed, aliizunguka sehemu ya kaskazini ya dunia kupitia Paris, Moscow, Omsk, Yakutsk na Fairbanks kwa saa 91 na dakika chache, takriban nusu ya muda wa rekodi ya awali. New York ilimpokea kwa maandamano na mvua ya vipande vya karatasi. Safari hiyo haikufanikiwa kwa ujasiri tu. Ilipangwa hadi kipimo cha mwisho cha mafuta, hali ya hewa na mitambo ya redio, na ndani yake Hughes alionyesha ubora wake wote.

Huyu ndiye mtu ambaye Kaiser alimwendea. Walikuwa kama maji na mafuta. Kaiser alipenda umati, hotuba na tarehe za karibu. Hughes alipenda usiku, simu na kazi isiyotazamwa na mtu. Kaiser aliahidi ndege ya kwanza katika muda wa miezi 10. Mnamo Novemba 1942 serikali iliwapa mkataba wa dola milioni 18 kuunda ndege 3 tu za majaribio, bila faida, kwa masharti mawili mazito: wasitumie madini yaliyohitajika vitani, na wasiwanyakue wahandisi wa viwanda vingine. Kwa maneno mengine, waliruhusiwa kuunda ndege kubwa kuliko zote duniani kwa kutumia mbao.

Mbao hizo zilikuwa zaidi za mbetula, mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe. Zilichanwa kuwa tabaka nyembamba mno, zikapangwa nyuzi za tabaka moja zikikingama na za tabaka jingine, zikashikanishwa kwa gundi ya plastiki, kisha zikakandamizwa kwa joto na shinikizo hadi zikawa kitu kimoja chepesi, kigumu na laini kuliko bati. Si kazi ya useremala wa kawaida. Kila kipande kilipimwa, na kilichopungukiwa kilitupwa. Hakuna aliyewahi kuunda kitu cha mbao cha kuruka chenye ukubwa huo, hivyo maswali mengi hayakuwa na kitabu cha kuyajibu. Gundi ingestahimili vipi maji ya chumvi? Bawa lenye unene wa kumwezesha fundi kutembea ndani yake hadi kwenye injini lingepinda kiasi gani hewani? Na mkono wa rubani ungewezaje kuyasukuma mabapa ya mkia yaliyokuwa makubwa kuliko mabawa ya ndege nyingi za kivita? Swali hili la mwisho lilizaa mojawapo ya michango ya kweli ya mradi huo: mfumo wa mafuta yenye shinikizo ulioizidisha nguvu ya mkono wa rubani mara nyingi, huku ukimrudishia hisia ya uzito ili asije akaivunja ndege bila kujua.

Ilipokamilika ilikuwa na upana wa mita 97.5 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine, karibu sawa na urefu wa uwanja wa kandanda. Urefu wake ulikuwa zaidi ya mita 66, na mkia wake ulifika kimo cha jengo la ghorofa nane hivi. Injini 8, kila moja ikiwa na nguvu-farasi 3,000, zilizungusha rafadha zenye kipenyo cha zaidi ya mita 5. Tumbo lake lilikusudiwa kubeba askari 750 au vifaru. Uzito wake wa kuruka ulikadiriwa kuwa tani 180. Hata mwanafunzi wa leo aliyezoea kuona ndege kubwa zikitua Embakasi hana budi kutafakari: hayo yote yalikuwa mbao na gundi.

Tatizo ni kwamba vita havikumsubiri. Hughes hakuweza kumkabidhi mtu mwingine uamuzi. Mchoro ulikaa mezani majuma mengi ukingoja neno lake, ilhali yeye alikuwa amezama katika filamu nyingine, katika shirika la ndege la TWA ambalo alikuwa amelinunua, au katika ndege ya kijeshi ya upelelezi iliyoitwa XF-11. Wakati mwingine hakujulikana alipo. Mnamo Mei 1943 alikuwa akijaribu ndege ya majini aina ya Sikorsky katika ziwa Mead, ikaanguka na watu 2 wakafa. Naye alipona na jeraha la kichwa. Katika mwezi uo huo, kule Atlantiki, mizani ya vita vya baharini ilikuwa imepinduka. Ndege za doria za masafa marefu, rada mpya, meli ndogo za kubeba ndege zilizosindikiza misafara, na wataalamu waliofaulu kuzisoma siri za mawasiliano ya adui, vyote kwa pamoja viliwafanya Wajerumani wapoteze nyambizi 41 kwa mwezi mmoja. Meli za Kaiser zikawa zinashushwa majini kwa wingi kuliko zilivyoweza kuzamishwa. Kwa hivyo aliyeiokoa njia ya bahari kwa upande wa viwanda alikuwa Kaiser, ila kwa zile meli zake za chuma zilizounganishwa harakaharaka, wala si kwa ndege aliyoiota.

Mapema mwaka wa 1944 serikali ilivunja mkataba, kisha ikaurudisha kwa ndege moja tu. Kaiser alijitoa. Ndege iliyoitwa HK-1 kwa herufi za majina yao mawili ikabadilishwa kuwa H-4, nayo ikapewa jina la Hercules. Ujerumani ikasalimu amri Mei 1945, Japani ikafuata Agosti, na ndege bado ilikuwa vipandevipande katika banda la Culver City. Juni 1946 ilisafirishwa kwa barabara hadi bandarini Long Beach. Nyaya za umeme ziliondolewa njiani, na maelfu ya watu wakajipanga kando kuona mabawa yakipita kama nyumba zinazotembea.

Wiki chache baadaye, tarehe 7 Julai 1946, Hughes aliirusha XF-11 kwa mara ya kwanza. Mafuta ya mtambo wa rafadha moja ya upande wa kulia yakavuja, rafadha ikageuza nguvu zake na kuanza kuivuta ndege nyuma. Ilianguka juu ya nyumba za Beverly Hills na kushika moto. Askari mmoja wa majini, Sajini William Durkin, alimtoa Hughes katika ndimi za moto. Kifua chake kilikuwa kimepondeka na ngozi imeungua. Madaktari hawakutarajia angeishi. Aliishi, lakini maumivu hayakumwacha tena, wala dawa za kutuliza maumivu alizoanza kupewa hospitalini hazikumwacha. Anayetaka kuelewa miaka yake 30 ya mwisho aanzie kwenye kitanda hicho, pengine kuliko kwenye malezi ya mama yake. Na bado, Aprili 1947, aliirusha XF-11 ya pili kwa mkono wake mwenyewe, ikiwa na rafadha za kawaida.

Mwaka huo wa 1947 ndio uliomweka mbele ya Seneti. Kamati ya kuchunguza matumizi ya fedha za vita, ambayo hapo awali iliwahi kuongozwa na Harry Truman kabla hajawa rais, sasa ilikuwa chini ya Seneta Owen Brewster wa Maine. Swali lilikuwa la haki: serikali ilikuwa imetumia takriban dola milioni 40 kwa miradi miwili ya Hughes, na hakuna hata ndege moja iliyofika vitani. Isitoshe, mpambe wa Hughes alikuwa ametumia fedha nyingi kuwakirimu maafisa, akiwemo Elliott Roosevelt, mwana wa rais, aliyekuwa amependekeza XF-11 inunuliwe. Hayo hayakuwa mambo ya kupuuzwa, na wapenzi wa Hughes wanaosimulia kisa hiki kana kwamba alikuwa malaika aliyeonewa wanaruka ukurasa muhimu.

Lakini Brewster naye hakuwa na mikono safi. Alikuwa mtetezi wa mswada ambao ungelipa shirika moja la Marekani safari zote za ng'ambo, na shirika lililotarajiwa kufaidika lilikuwa Pan American, mshindani mkuu wa TWA. Hughes alimshtaki mbele ya umma kwamba aliahidi kuuzima uchunguzi iwapo TWA ingekubali kuungana na Pan American. Brewster alikanusha. Ukumbi ulijaa watu, taa za wapiga picha zikawaka, na mtu aliyekuwa akikwepa kadamnasi kwa miaka mingi akajitetea kwa ukali uliowashangaza wengi, akiomba maswali yarudiwe pale masikio yake yaliposhindwa. Kuhusu ndege kubwa, alieleza kwamba ameweka humo jasho lake na mamilioni ya fedha zake mwenyewe, na kwamba ikiwa haitaruka huenda angeihama nchi asirudi tena. Vikao viliahirishwa ghafla mwezi Agosti, virejelewe Novemba. Hughes akarudi California.

Jumapili ya tarehe 2 Novemba 1947, waandishi wa habari walialikwa bandarini kushuhudia majaribio ya kuiendesha ndege hiyo juu ya maji. Hughes alikaa mwenyewe kwenye usukani. Mara mbili aliikimbiza majini, mapovu yakiruka, kisha akaituliza. Wengi wa waandishi walishuka baada ya hapo, wakakimbilia simu kupeleka habari kwamba ndege inaelea vizuri. Mtangazaji mmoja wa redio, James McNamara, alibaki ndani na kinasa sauti chake. Katika mbio za tatu Hughes aliagiza vibawa vya nyuma viteremshwe kiasi cha kunyanyukia. Mwendo ukapanda. Kishindo cha maji dhidi ya tumbo la ndege, kilichokuwa kikisikika kama mvua ya mawe juu ya paa la mabati, kikakoma. Ndege ilikuwa hewani.

Iliruka kwa kimo cha takriban mita 21, kwa umbali wa kilomita moja na nusu hivi, kwa muda usiofika dakika moja. Kisha Hughes akaishusha majini kwa utulivu. Haikuruka tena.

Wahandisi wangali wanajadiliana iwapo ingeweza kupanda juu zaidi, maana ndege iliyo karibu na maji husaidiwa na hewa inayobanwa chini ya mabawa yake. Kwa kamati ya Seneti, mjadala huo haukuwa na maana tena. Picha za chombo kile kikiwa kimetengana na maji zilizunguka dunia nzima, na uchunguzi ukafifia. Mwaka wa 1952 Brewster alishindwa katika kura za mchujo za chama chake, na fedha za Hughes zilikuwa zimemsaidia mpinzani wake. Magazeti nayo yalikuwa yameibandika ndege jina la kejeli la Spruce Goose, yaani bata bukini wa mti wa jamii ya msonobari, jina ambalo Hughes alilichukia mpaka kufa. Halikuwa sahihi hata kidogo, maana mti huo ulitumika kwa uchache mno.

Je, alistahili lawama au sifa? Mkataba ulitaka ndege itakayosaidia vitani, na kwa kipimo hicho alishindwa kabisa. Ni vigumu kukubali kwamba mtu mwingine, kwa mbao zilezile na masharti yaleyale, angeimaliza kwa miezi 10. Hiyo ilikuwa ahadi ya Kaiser, wala haikuwa na msingi. Hata hivyo, yapo majuma na miezi iliyopotea kwa sababu tu Hughes hakutaka kutia sahihi, na wakati huo watu walikuwa wakizama baharini. Wizi ndio usioonekana. Mwizi haongezi mamilioni yake mwenyewe juu ya fedha anazoiba.

Yaliyofuata ni masimulizi ya kuhuzunisha. Hughes aliinunua studio ya filamu ya RKO mwaka wa 1948 na kuidhoofisha kwa tabia ileile ya kushikilia kila uamuzi. Kampuni yake ya Hughes Aircraft, kwa upande mwingine, ilistawi hasa kwa sababu aliacha kuiingilia, jambo linalochekesha na kufundisha kwa pamoja. Mwaka wa 1953 aliikabidhi kwa taasisi ya utafiti wa tiba iliyobeba jina lake. Wakosoaji walisema alikuwa anakwepa kodi, na hawakukosea sana, lakini baada ya kifo chake taasisi hiyo ilikuja kuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa sayansi ya tiba duniani. Kampuni hiyo ndiyo iliyounda setilaiti ya Syncom 2, ambayo kwayo Rais Kennedy alizungumza na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, Agosti 1963, kupitia meli ya jeshi la wanamaji la Marekani iliyotia nanga Lagos.

Mwenyewe alizidi kujificha. Hofu ya vijidudu ilimtawala. Aliandika maagizo ya kurasa kadhaa kuhusu jinsi ya kufungua mkebe wa matunda bila kuuchafua. Mwaka wa 1966 aliuza hisa zake za TWA kwa dola milioni 546, akahamia hoteli moja ya Las Vegas, na alipotakiwa kuondoka akainunua hoteli yenyewe. Alikaa humo gizani, akiwatuma wapambe wake kwa maandishi. Maandishi hayo yalipofichuka yalionyesha pia chuki dhidi ya watu weusi, doa ambalo msimulizi mwaminifu hawezi kulifuta. Kuanzia 1970 alihamahama kutoka hoteli hadi hoteli katika nchi za watu. Akiwa London mwaka wa 1973 alishika tena usukani wa ndege mara chache, kisha akaanguka akavunjika nyonga, na hakutembea tena.

Bahari ilimrejea mara moja zaidi, ingawa kwa jina tu. Nyambizi ya Kisovieti K-129 ilikuwa imezama Pasifiki mwaka wa 1968, kwenye kina cha takriban mita 5,000. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitaka kuiopoa kwa siri, likaunda meli kubwa, Glomar Explorer, na kutangaza kwamba ni meli ya Howard Hughes ya kuchimba manganizi chini ya bahari. Watu waliamini. Nani angeshangaa kusikia kwamba Hughes anafanya jambo kubwa, ghali na la ajabu? Mwaka wa 1974 sehemu ya nyambizi hiyo ilipandishwa ikiwa na maiti za mabaharia 6, waliozikwa tena baharini kwa heshima. Siri ilifichuka mwaka uliofuata.

Hughes alifariki tarehe 5 Aprili 1976 akiwa ndani ya ndege, akikimbizwa kutoka Acapulco kwenda Houston kwa matibabu. Alikuwa na miaka 70 na uzito wa kilo 42 hivi. Picha za eksirei zilionyesha vipande vya sindano vilivyovunjikia mikononi mwake. Sura yake ilikuwa imebadilika mno hata alama za vidole zikatumiwa kumtambua. Hakuacha mtoto wala wasia uliokubaliwa na mahakama, na warithi waligombania mali yake kwa miaka mingi.

Kwa muda huo wote, miaka 29, ndege ya mbao ilikuwa imefungiwa katika banda lake Long Beach, joto na unyevu vikidhibitiwa, mafundi walioapishwa kutunza siri wakiisafisha na kuikagua kana kwamba ingeitwa kesho. Kuanzia 1983 ilionyeshwa kwa umma chini ya kuba kubwa kando ya meli ya Queen Mary. Mwaka wa 1992 ilianza kukongolewa, ikasafirishwa kwa maji na barabara hadi McMinnville, jimbo la Oregon, ambako jumba la makumbusho lilifunguliwa mwaka wa 2001. Rekodi yake ya upana wa mabawa haikuvunjwa hadi Aprili 2019, iliporuka ndege ya Stratolaunch yenye mabawa ya mita 117.  Watalii hupanda ngazi na kuingia tumboni mwake, mahali palipokusudiwa kukaliwa na askari 750.